Hosta yangu ya Reading, Uingereza: shajara ya jani lenye njaa

Shajara hii ilianza kama karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa banda la vifaa, ya kunikumbusha siku za kumwagilia. Sasa ni madaftari mawili, moja limemwagikiwa chai. Nimeyanakili kama yalivyo, nikiondoa habari za miche ya nyanya, na nikiongeza maneno kwenye mabano pale ambapo mimi mwenyewe, nikisoma tena, nilishindwa kujitetea.

9 Aprili 2022

Nimeinunua leo. Pauni 14, chungu cha lita 2, machipukizi mawili yaliyojisokota kama sigara. Kibao chake kimeandikwa Hosta 'Great Expectations'.

Kwa asiyeijua hosta: ni mmea wa majani, asili yake Japani, Korea na Uchina. Winta ikiingia hunyauka wote juu ya ardhi, majira yakigeuka huchipua upya. Hapa Uingereza karibu kila ua wenye kivuli una yake, kwa sababu hosta nyingi hazitaki kudekezwa. Unaipanda ukutani upande usio na jua, unaisahau, inakua. Hii niliyonunua haimo kwenye kundi hilo. Mzee wa jirani, fundi bomba mstaafu anayejua jina la Kilatini la kila kinachoota mtaani kwetu, alichungulia juu ya ua, akasoma kibao, akasema, "Mimi nimeziua tatu." Akaingia ndani kunywa chai yake.

Niliiona mara ya kwanza mwaka jana tulipowapeleka watoto Savill Garden, ile bustani ya Windsor. Jani pana kama sahani ya pilau, lina mikunjo kama bati la nyumba, katikati manjano ya embe dodo, na pembeni kijani cha buluu kisichofuata mstari, kama fundi rangi aliyepaka dirisha huku anaongea na simu. Baadaye nikasoma kwamba hosta hii ilizaliwa bustanini humo humo. Shina moja la hosta kubwa ya buluu iitwayo 'Elegans' lilijibadili lenyewe, likatoa majani ya rangi mbili, na John Bond, msimamizi wa bustani wakati huo, akaliona. Jina liliandikishwa mwaka 1988 na Mmarekani aitwaye Paul Aden. Windsor kutoka kwangu haifiki saa moja kwa gari. Nikajipa moyo: mmea wa hapa hapa, mvua ya hapa hapa, utanishindaje?

10 Aprili 2022

Nimepanda. Kona ya kaskazini, chini ya ukuta. Udongo wetu ni mfinyanzi hasa, ukiushika unaweza kuutoa kikombe. Nimefanya kama mama alivyonifundisha kupanda migomba kule Lushoto: shimo pana na refu, udongo wa ndani nimeutupa, nimejaza samadi iliyooza na mboji, nimeshindilia kwa mguu, ndoo nzima ya maji juu. Shimo la kupendeza. Nimelipiga picha.

(Nikiyasoma haya leo natamani nimshike mtu huyu mkono. Shimo la mboji laini katikati ya mfinyanzi ni karai. Maji yanaingia, pa kutokea hayana. Mlima wa Lushoto una mteremko, maji yanajua njia. Ua wangu ni bapa kama chapati.)

1 Mei 2022

Majani matano. Kubwa lina sentimita 12. Nimegundua kwamba ile buluu si rangi ya jani. Ni nta nyembamba mno iliyolifunika, kama ile unga-unga juu ya plamu za kwetu. Ukipitisha kidole gumba inafutika, na chini yake jani ni kijani cha kawaida, na nta ikishafutika haikui tena mwaka huo. Nimewaita watoto, nikawaonyesha kwa jani moja, kisha nikawakataza wasiguse. Mke wangu amesema hivyo ndivyo ninavyofanya mambo yangu yote.

14 Mei 2022

Simu ya video na mama. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kabichi, akataka aone "shamba la Ulaya". Nikageuza kamera.

"Hili linaliwa?"

"Hapana mama. La kutazama."

"Maua yake mazuri?"

"Maua yapo, ila watu wanalipanda kwa ajili ya jani."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umetoa hela, ukanunua jani, usilile."

"Ndiyo mama."

"Haya mwanangu. Mungu akuzidishie."

Usiku nikatafuta, nikakuta kumbe Wajapani wanakula. Machipukizi machanga wanayaita urui, upande wa Yamagata ni mboga ya sokoni kabisa. Sijamwambia mama. Ningemwambia, kesho ananiuliza nimeiunga na nazi au karanga.

(Jambo moja la pembeni. Kwenye dirisha la duka la karibu na kituo cha treni wanauza vile vyungu vidogo vya maua ya zambarau yenye majani ya manyoya. Asili yake ni milima ya Usambara, kwetu. Mjerumani aliyekuwa mtawala huko, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyatuma Ulaya mwaka 1892, na mpaka leo jina la kisayansi linalojulikana na wengi, Saintpaulia, ni lake. Waingereza wameweka ua la Usambara dirishani na mimi Msambaa nimepiga magoti kwenye matope kwa ajili ya jani la Kijapani. Hatudaiani.)

19 Julai 2022

Sijawahi kuona. Redioni wanasema Coningsby, kule Lincolnshire, imefika nyuzi 40.3, joto ambalo nchi hii haijawahi kupima. Kipimajoto cha banda langu, kivulini, 37. Watu wamefunga mapazia mchana kama msibani.

Hosta imebabuka. Ukingo wa kijani umevumilia, lakini katikati, pale penye manjano, pamekuwa pa hudhurungi na pakavu, ukigusa panalia kama karatasi ya andazi. Majani mawili yametoboka kabisa katikati, yamebaki pete. Nimemwagilia asubuhi, nimemwagilia mchana, nimemwagilia jioni.

24 Agosti 2022

Marufuku ya mpira wa maji imeanza leo eneo letu. Ndoo inaruhusiwa. Nabeba maji ya kuoshea mchele.

30 Oktoba 2022

Imelala. Nimeifunika mboji sentimita tano isiumwe na baridi.

(Tena! Hosta inataka baridi. Bila wiki kadhaa za baridi kali machipukizi hayaamki vizuri mwaka unaofuata, na ndiyo sababu siwezi kumpelekea mama hata kama angeikubali. Blanketi la mboji mbichi juu ya karai lililojaa maji ndilo nililompa mgonjwa wangu kwa winta nzima. Desemba ile banda lilishuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri, nami nikawa naongeza mboji.)

22 Aprili 2023

Hosta zote za mtaa zimechomoza. Ya mzee wa jirani, ile ya kijani ya kawaida ambayo huipiga teke akipita na toroli, ina machipukizi kama 30. Yangu, kimya.

Nimesubiri mpaka saa nne asubuhi, nikashindwa. Nimeifukua.

Harufu ndiyo iliyonipokea, harufu ya maji ya maua ya kaburini yaliyokaa wiki mbili. Chini ya sentimita kumi shimo lilikuwa limejaa maji meusi. Kile kitako kinachoshika machipukizi juu na mizizi chini kilikuwa kimelainika upande mmoja, kidole kikazama kama kwenye parachichi lililopitiliza. Mizizi, ambayo kwa hosta ya mwaka wa pili nilitegemea ijaze ndoo, ilitosha kwenye kiganja cha binti yangu mwenye miaka sita. Mingi ilikuwa maganda matupu, ukivuta ganda linatoka, ndani uzi.

Chipukizi moja hai. Jeupe, fupi kama jino.

Mzee alikuwa ameegemea ua, sijui tangu saa ngapi. Akasema, "Umeifukua uone kama iko hai."

"Ndiyo."

"Ya pili niliiua hivyo hivyo."

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuhamie hapa: akafungua geti la pembeni akaingia. Alivaa miwani, akaikata ile sehemu laini kwa kisu kidogo mpaka akafika penye weupe mgumu, kama anavyotoa mtu doa kwenye kiazi. Kisu hicho kwanza alikilaza dakika nzima kwenye maji yaliyotiwa jiki. Kuna kirusi cha hosta, kilitambuliwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1996, ambacho husafiri na utomvu kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa kisu, mkasi, hata kucha. Jani lililoambukizwa huonekana kama wino umevuja kando ya mishipa yake, na dawa hakuna, ni kung'oa na kutupa. Watu wamewahi kuuziwa mimea yenye kirusi hicho kama aina mpya ya urembo.

Tukaiosha, tukaiweka kwenye chungu kidogo cha inchi 6. Mimi nilileta kikubwa. Akakirudisha bandani bila kusema neno.

24 Aprili 2023

Jana sikulala vizuri, nilikuwa nasoma. Naandika hapa nilichoelewa maana nimelipa pauni 14 na mwaka mzima kukielewa.

Jani linajipikia chakula kwa umbijani, ile rangi ya kijani. Hosta hii, sehemu kubwa ya jani lake ni ile ya katikati, na katikati umbijani ni kidogo. Linaanza manjano lenye ukijani, kiangazi kinavyokwenda linakuwa krimu, karibu jeupe. Hapo halipiki tena, linakula tu. Anayepika ni ukingo peke yake. Ni nyumba ya watu kumi yenye mpishi mmoja na jiko moja la mkaa. Mizizi ndiyo ghala, na ghala halijai.

Halafu kuna hili. Miche mingi ya hosta inayouzwa madukani inatoka maabara, kama migomba ya tishu ya kwetu. Inakuja mitoto, na jani la kitoto la hosta lina ukingo mwembamba zaidi ya jani la mtu mzima. Maana yake mmea huu una njaa kuliko wakati mwingine wowote pale pale mtu anapoununua na kuuhamisha, na kila mzizi unaokatika kwenye kuhama ni chakula cha jani ambalo halitatokea. Ukiuhamisha tena mwaka wa pili, umeurudisha mwanzo. Ukiufukua kuangalia, hivyo hivyo. Hapa wana usemi kwamba hosta mwaka wa kwanza hulala, wa pili hutambaa, wa tatu huruka. Hii yangu, mzee anasema, hupewa miaka mitano kabla hujaanza kuhesabu.

Na kilichonishangaza zaidi ni habari ya jua. Nilifikiri jani jeupe lifichwe kivulini. Kumbe kwa kuwa wapishi ni wachache, wapewe mwanga: jua la asubuhi, lile jepesi, mpaka saa tano hivi, kisha kivuli. Nilikuwa nimeinyima jua la asubuhi kule ukutani, na siku ya nyuzi 40 nikaimwagilia mara tatu, maji yakakaa kwenye karai.

6 Mei 2023

Mchanganyiko wa chungu, kwa anayetaka: sehemu mbili magome ya msonobari yaliyokatwakatwa, sehemu moja mboji iliyochekechwa, sehemu moja perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi kama bisi. Ukimwaga maji juu, unayasikia chini kabla hujasimama wima. Chungu kimekaa mashariki, karibu na mlango wa jikoni.

Majani matatu. Sentimita 8.

Julai 2023

Mvua. Mvua. Koa.

Nyumbani koa alikuwa kitu cha msimu, unamtia chumvi unaendelea na safari. Hapa koa, yule konokono asiye na kombe, ni raia mwenye haki zote. Tarehe 3 jani moja lilikuwa zima saa tatu usiku. Asubuhi lilikuwa wavu. Katika majani matatu, moja ni theluthi ya mpishi wangu.

Nilijaribu maganda ya mayai. Nilijaribu utepe wa shaba kuzunguka chungu, pauni 6. Nikamwona koa mmoja akipanda juu ya ule utepe bila haraka, kama mtu anayevuka reli mahali ambapo treni ilikoma miaka mingi. Kisha nikakuta kwamba jumuiya ya kilimo cha bustani ya hapa, RHS, ilishaupima mchezo huu mwaka 2018: shaba, changarawe, magome, sufu na maganda ya mayai, vyote kwenye mboga za saladi, na koa wakala sawa na pale ambapo hapakuwekwa kitu. Laiti ningesoma kabla ya kula mayai yale yote. Zile punje za buluu za sumu ambazo wazee wa hapa wanazikumbuka kwa mapenzi zimepigwa marufuku tangu 2022, kwa sababu ya ndege na kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa miiba wa bustanini.

Vinavyofanya kazi kwangu ni viwili. Cha kwanza ni tochi ya kichwani na ndoo, saa nne usiku baada ya mvua. Usiku wa tarehe 11: koa 43, konokono 9, na jirani wa upande wa pili aliyefungua dirisha kuuliza kama nimepoteza kitu. Cha pili ni minyoo. Hawaonekani kwa macho, wanauzwa kwenye pakiti kama unga wa uji, unakoroga na maji na kumwagilia udongo ukiwa umevuka nyuzi 5. Wanaingia mwilini mwa koa na bakteria wao, koa anaacha kula, anafia chini ya ardhi, wala humwoni. Kazi yao inadumu kama wiki sita. Konokono wenye kombe hawawajali sana.

Pakiti inatakiwa ikae kwenye friji. Niliiweka nyuma ya maziwa. Mke wangu alipoisoma maandishi hakupiga kelele. Alitoa kila kitu kilichokuwa rafu ile, akakitupa, akaniachia pakiti peke yake katikati kama mgeni rasmi.

Oktoba 2023

Majani matatu yamenyauka bila kutobolewa tena. Chungu nimekilaza ubavu chini ya upenu, mvua ya winta isiingie, baridi iingie. Hakuna blanketi. Sijafukua. Nimetaka kufukua mara mbili.

18 Aprili 2024

Machipukizi mawili! Nimemwita mzee kabla ya mke wangu, na nimeambiwa jambo hilo litakumbukwa.

9 Mei 2024

Furaha ilikuwa na kasoro. La kwanza limefunguka vizuri, manjano na ukingo wake. La pili ni kijani cha buluu kitupu, kuanzia ncha mpaka kikonyo. Limerudia asili, limekuwa 'Elegans', lile shina lililokuwapo Windsor kabla ya ajali.

Na ni zuri. Hilo ndilo tatizo. Limenyooka, nene, jani lake la kwanza tayari limezidi la mwenzake kwa sentimita nne. Jani zima linapika. Mzee ameliangalia akasema likate, upesi, la sivyo mwaka kesho utakuwa na chungu cha buluu na hakuna manjano. Mwenye kula vizuri atamsukuma mwenye njaa.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Miaka miwili nimekaa nikiomba mmea huu upate nguvu, na sasa umenipa nguvu, natakiwa niikate. Mke wangu aliuliza swali la haki: kama la kijani linakua lenyewe, halina ugonjwa, na limependeza, kwa nini usilikuze hilo ukalala usiku? Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia lile la manjano ndilo nililoliona siku ile na watoto. Akasema basi sawa.

12 Mei 2024

Tumelikata bila kutoa mmea chunguni. Mzee ameingiza kisu wima kati ya machipukizi mawili, taratibu, mpaka chini, kama anakata keki ambayo hataki itikisike. Kipande cha kijani kimetoka na mizizi yake minne. Jiki kabla, jiki baada. Nimekipanda kona ile ile ya kaskazini, kwenye karai, ila safari hii nimechimba mtaro mdogo wa kutolea maji na nimerudisha mfinyanzi wenyewe badala ya mboji.

Mzee alipokuwa anafunga geti aliniambia ningeweza kununua 'Dream Weaver'. Ni zao la hosta hii hii, rangi zile zile, ukingo mpana zaidi, wapishi wengi zaidi, haina matata. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwaka 2022. "Hukuuliza," akasema. Kisha: "Na mimi sikuinunua."

Septemba 2024

Majani manne, kubwa sentimita 15. Mwaka wa koa kupita kiasi, nimemaliza pakiti nne za minyoo. Hakuna zaidi.

26 Aprili 2025

Machipukizi mawili, yote ya manjano. Nilipiga magoti kuangalia ncha moja moja kama polisi wa mpakani. Hakuna kijani.

31 Mei 2025

Jua tangu Machi. Mamlaka ya hali ya hewa inasema haya ndiyo majira ya kuchipua yenye jua kuliko yote waliyowahi kupima hapa. Watu wa nyasi wanalia. Hosta yangu, iliyo kwenye chungu kinachopitisha maji na kupata jua mpaka saa tano, imetoa majani tisa.

Jani la nne kutoka chini lina sentimita 21. Nimelipima mara mbili. Ukingo umepanuka, mwaka jana ulikuwa upana wa kidole kidogo, sasa ni vidole viwili na mahali pengine vitatu, na unaingia ndani ya manjano kwa michirizi kama wimbi linavyoacha povu mchangani. Mikunjo ya bati imetokea kwa mara ya kwanza. Asubuhi maji ya umande hukaa kwenye kila mkunjo, safu kwa safu. Nilisimama pale na kikombe mpaka chai ikapoa. Mwanangu wa kwanza alitoka, akaangalia ninachoangalia, akasema, "Ndiyo hii tu?" akarudi ndani. Ana miaka kumi na tatu.

La kijani kule konani lina machipukizi manne na majani 22. Sijawahi kulifanyia lolote.

24 Julai 2025

Marufuku ya mpira imerudi. Maji ya mchele, kama zamani, ila safari hii kikombe kimoja asubuhi, pembeni ya chungu, si juu ya majani. Katikati pamegeuka krimu. Doa moja la kuungua, ukubwa wa shilingi.

Hosta ya chunguni imetoa kikonyo cha maua, cha kwanza, kifupi, maua ya weupe unaoelekea zambarau. Mzee anasema nikikate, mbegu zinakula akiba. Nimekiacha siku tatu ili nimwonyeshe mama, kisha nimekikata.

Mama alitazama ua, akatazama majani, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Limekuwa," akasema. Nikaona ndio wakati, nikamwambia habari ya urui, kwamba Wajapani wanapika.

"Nilijua," akasema. "Hakuna mtu anayelima kitu miaka mitatu kisiliwe."

2 Novemba 2025

Jalidi ya kwanza juzi. Majani yamelala pembeni ya chungu, rangi ya majani ya mgomba makavu. Nimeyaondoa kwa mkono, hayakuvutwa, yaliachia yenyewe.

Mzee ametoka hospitali Jumanne, anatembelea fimbo. Nimempelekea chapati na kipande cha lile la kijani kwenye chungu, machipukizi mawili. Amekiweka dirishani jikoni, mahali pabaya kabisa kwa hosta, na sikusema kitu.

Chungu nimekilaza chini ya upenu. Kabla ya kukilaza nilipitisha ncha ya kidole juu ya udongo, polepole, bila kuchimba. Kuna vijiti vitatu vigumu chini yake, kama ncha za penseli.